Uzi: Kucheza gofu kwenye kiwanja chenye maji kila upande, na namna ya kuamua kabla ya kupiga

MWANZISHA UZI

Assalaam alaykum ndugu zangu. Uzi huu nimeuanzisha kwa ajili ya wachezaji wa gofu wa Unguja na Pemba, ambao bado si wengi, na khasa kwa wale waliojifunza mchezo huu hapa nyumbani kisha wakaalikwa na jamaa zao wa Muscat na Dubai, au na marafiki wa Dar es Salaam na Mombasa, kwenda kucheza pahala penye mabwawa, mifereji na vijito. Wengi wao hurudi wamevunjika moyo, wakiamini kwamba hawajui kupiga mpira. Mimi ni mwalimu wa wanaoanza, na ninayoyaona kila wiki yamenipa imani tofauti: sehemu kubwa ya mipira inayozama haikupigwa vibaya, bali iliamuliwa vibaya kabla fimbo haijainuliwa.

Gofu si mgeni Zanzibar. Wakati wa ukoloni viwanja vya Mnazi Mmoja vilikuwa na sehemu ya gofu pamoja na kriketi na tenisi, ingawa walioitumia zaidi walikuwa Wazungu, na watu wa Ng'ambo waliuangalia mchezo huo kwa mbali. Leo tuna kiwanja cha mashimo 9 upande wa Mangapwani, juu ya pwani ya magharibi ya Unguja, na anayetaka duru kamili ya mashimo 18 hukizunguka mara mbili. Ni neema kubwa kuwa nacho. Hata hivyo, mchezaji aliyezoea kiwanja kimoja tu huzoea pia makosa ambayo kiwanja hicho humsamehe, na maji hayasamehi kosa la aina moja: kutojua umbali wako wa kweli.

Nieleze ninachokusudia. Kila fimbo ina umbali wa aina mbili. Upo umbali wa hewani, yaani kutoka pale mpira ulipopigwa hadi pale unapogusa ardhi kwa mara ya kwanza, na upo umbali wa jumla, unaohesabu pia kudunda na kubiringika. Kwenye ardhi kavu na ngumu tofauti kati ya hizo mbili ni kubwa, na mchezaji hukumbuka ule wa jumla kwa sababu ndio anaoukuta anapofika kwenye mpira wake. Sasa msimamishe mbele ya bwawa. Anaambiwa kwamba maji yanaishia yadi 140 kutoka alipo. Anakumbuka kwamba fimbo yake namba 7 humpa yadi 150, na anapiga. Kumbe kati ya hizo 150, zilizo za hewani ni 135 tu, na hizo ni za siku aliyoupiga mpira katikati ya uso wa fimbo. Pigo lake linaweza kuwa zuri kabisa machoni mwa kila aliyesimama pale, na mpira bado ukazama.

Kwa hiyo la kwanza ninalomtaka mwanafunzi afanye kabla ya safari ni kwenda pahala pa mazoezi, kupiga mipira kadhaa kwa kila fimbo, na kuandika umbali wa hewani wa pigo lake la kawaida, si la bahati. Ile mipira miwili iliyokwenda mbali kuliko yote aisahau. Namba atakayobaki nayo itamuumiza kidogo, lakini ndiyo atakayovuka nayo maji.

La pili ni kuchagua upande wa kukosea. Hakuna mchezaji duniani anayepiga mpira pale pale anapotaka kila mara, wakiwemo wanaolipwa. Mabwawa mengi hulinda upande mmoja au miwili tu wa grini, yaani pale penye majani yaliyokatwa chini kabisa palipo na shimo na bendera, na upande unaobaki una majani, au banka, yaani shimo la mchanga, au mteremko. Ukilenga katikati ya upande wenye usalama, pigo lako la wastani litakuacha na kazi ngumu ya kusogeza mpira karibu na shimo, lakini bado utakuwa unacheza. Ukilenga bendera iliyopandwa ukingoni mwa maji, unahitaji pigo lako bora ili kupata faida ndogo, na pigo lako la kawaida linakutia hasarani. Nahodha husoma bahari kabla ya kutweka tanga, na mchezaji naye anapaswa kulisoma shimo zima, yaani njia yote kutoka pa kuanzia hadi kwenye bendera, akiwa bado ameshika kadi yake ya alama, si baada ya kusimama juu ya mpira na mikono imeanza kukaza.

Hesabu yenyewe ni rahisi na inafaa kukumbukwa. Ukipiga mkwaju wa kwanza ukaingia majini, umekwisha kutumia mmoja. Adhabu ni mkwaju mmoja. Kwa hiyo utakaoupiga baada ya kudondosha mpira, yaani kuuachia uanguke kutoka mkononi pahala panaporuhusiwa, ni wa tatu. Kwenye shimo la mikwaju mitatu, yaani linalotarajiwa kumalizwa kwa mitatu, maana yake ni kwamba hata mkwaju huo ukitua kwenye grini, na ukahitaji kuusukuma mpira mara mbili, umemaliza kwa mitano. Aliyelenga upande salama, akakosa grini, akauchota mpira vibaya na akausukuma mara mbili, amemaliza kwa minne. Amecheza kwa unyonge, na amemshinda aliyejaribu ushujaa.

Wanaodhani kwamba maji ni tatizo la wanaoanza peke yao nawaomba watazame shimo la 17 la TPC Sawgrass, huko Ponte Vedra Beach, Florida, kwenye kiwanja kilichofunguliwa mwaka 1980. Urefu wake ni yadi 137 tu, umbali ambao kwa mchezaji wa kulipwa ni wa fimbo fupi. Grini yake imezungukwa na maji, ikabaki njia nyembamba ya kupita kwa miguu. Katika duru ya kwanza ya mashindano ya The Players ya mwaka 2007, mipira 50 iliingia majini kwenye shimo hilo, nayo ilipigwa na watu walio miongoni mwa wapigaji bora duniani. Upepo ulivuma, na hapakuwa na upande wa kukosea. Ndiyo maana nasema kwamba pale ambapo upande huo upo, kuuacha ni kujidhulumu.

Mwenye swali aulize, na mwenye uzoefu atuongezee.

MCHANGIAJI WA WETE

Wa alaykumu s-salaam, Maalim, na ahsante kwa uzi huu. Mimi nipo Wete na hucheza ninapovuka kuja Unguja. Ninaomba ufafanuzi wa sheria. Nilipocheza Dubai na shemeji yangu niliona vigingi vya njano kwenye shimo moja na vyekundu kwenye jengine, na kila mmoja katika kundi letu alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema kwamba hairuhusiwi hata kugusa maji kwa fimbo; mwengine alisema kwamba ninaweza kwenda kudondosha mpira ng'ambo ya pili ya bwawa. Ipi ni sahihi?

MWANZISHA UZI

Ndugu yangu wa Wete, wote wawili walikuwa wakisema sheria ya zamani. Kanuni za gofu, zinazotungwa kwa pamoja na mashirika mawili ya mchezo huu, R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani, zilibadilishwa kwa kiasi kikubwa kuanzia Januari 2019, na watu wengi waliojifunza kabla ya hapo bado wanaendelea kufundishana yaliyokwisha kufutwa.

Tangu mwaka huo kanuni hazizungumzii tena kizuizi cha maji bali eneo la adhabu. Bahari, ziwa, bwawa, mto na mtaro vimo humo, hata kama wakati huo havina maji, na kamati ya kiwanja inaweza kuliwekea alama hata korongo kavu au kichaka. Ukiwa ndani ya eneo la adhabu unaweza kuucheza mpira kama ulivyo bila kuongezewa mkwaju wowote. Zaidi ya hayo, unaruhusiwa kuweka fimbo chini, kugusa maji, na kuondoa majani makavu au vijiti vilivyo karibu na mpira, mradi mpira wenyewe usisogee. Hayo ya kugusa ndiyo yaliyokatazwa zamani.

Usipotaka kuucheza mpira ulivyo, unajiongezea mkwaju mmoja, na hapo ndipo rangi inapokuwa na maana. Kwenye njano una njia mbili. Ya kwanza ni kurudi pale ulipopigia mkwaju uliopita. Ya pili ni kutafuta nukta ambayo mpira ulikatia ukingo wa eneo mara ya mwisho, ukaiweka nukta hiyo kati yako na shimo, kisha ukarudi nyuma kwenye mstari huo umbali wowote unaoutaka. Kwenye nyekundu una njia hizo hizo mbili na ya tatu: kudondosha mpira kando, ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka kwenye ile nukta, lakini si karibu zaidi na shimo. Fimbo ya kupimia ni ile ndefu kuliko zote ulizonazo, isipokuwa ya kusukumia. Na siku hizi mpira hudondoshwa kutoka usawa wa goti, si wa bega.

Ama kuhusu kwenda ng'ambo ya pili ya bwawa, ruhusa hiyo ilikuwepo kwa maeneo mekundu na iliondolewa mwaka 2019. Sasa inawezekana tu kama kamati ya kiwanja imeirejesha kwa kanuni yake ya ndani, nayo huandikwa nyuma ya kadi ya alama. Isome kadi kabla ya kuanza.

Ninataka nikae kidogo kwenye ile njia ya kurudi nyuma, kwa sababu wachezaji huipuuza. Mtu akipoteza mpira majini, jambo la kwanza analolitafuta ni pahala pa karibu zaidi na shimo anaporuhusiwa kudondosha, na mara nyingi hapo pana mteremko, majani mabaya, na umbali usiofaa fimbo yoyote. Anayerudi yadi 30 nyuma akapata pahala tambarare na umbali anaoupenda hajapoteza chochote, kwa maana adhabu ni ile ile. Lakini achague kweli umbali anaoupenda. Mwaka 2016 kwenye mashindano ya Masters, mchezaji wa kulipwa Jordan Spieth aliingia mashimo 9 ya mwisho akiwa mbele kwa mikwaju mitano. Kwenye shimo la 12 la Augusta, kiwanja cha mashindano hayo, la yadi 155, mpira wake wa kwanza uliingia kijito cha Rae's Creek. Akaenda nyuma kudondosha mwengine, na huo nao akaupiga ukaingia majini. Alimaliza shimo la mikwaju mitatu kwa saba, na ushindi ukaenda kwa Danny Willett. Ninapowaonesha wanafunzi tukio lile huwaambia wautazame ule mkwaju wa pili kuliko wa kwanza. Wa kwanza unaweza kumpata yeyote. Kabla ya wa pili ndipo mtu anapohitaji kusimama, kuvuta pumzi, na kuuliza upya: umbali ni upi, upepo unatoka wapi, na upande wa kukosea ni upi?

MCHANGIAJI ALIYEKO MUSCAT

Ninaunga mkono aliyoyasema Maalim, na ninapenda kuongeza suala la upepo, kwa kuwa huku tunacheza Almouj, kiwanja kilichobuniwa na Greg Norman kando ya bahari ya Oman, na baada ya adhuhuri upepo wa bahari huwa ndio mwamuzi.

Sisi tuliozaliwa Unguja tunaijua kusi na kaskazi tangu utotoni, lakini nimeona kwamba wachezaji wengi wa kwetu hawaujui upepo unavyofanya kazi kwenye mpira wa gofu. Upepo wa mbele hupunguza umbali zaidi kuliko upepo wa nyuma wa nguvu hiyo hiyo unavyouongeza. Mpira wa gofu huruka huku ukizunguka kinyumenyume, na mzunguko huo, ukisaidiwa na vishimo vidogo vilivyoko juu ya ngozi yake, ndio unaounyanyua. Ukikutana na upepo wa mbele, unyanyuaji huo huongezeka, mpira unapanda juu, unasimama, kisha unaanguka karibu wima. Mchezaji asiyejua hukaza mikono na kupiga kwa nguvu zaidi. Nguvu hiyo huongeza mzunguko, na mzunguko huongeza kupanda. Mpira unaishia mfupi kuliko ambavyo angepiga kwa utulivu.

Dawa yake ni kuchukua fimbo iliyo ndefu kwa daraja moja au mbili, kuishika chini kidogo, na kupiga kwa mwendo wa polepole. Maji yakiwa mbele na upepo ukiwa mbele, mimi sijiulizi tena kama nichukue fimbo ndefu; ninajiuliza tu ni ndefu kiasi gani. Na ikiwa nyuma ya grini pako wazi, huchukua hiyo ndefu zaidi bila wasiwasi.

MCHANGIAJI, KEDI WA ZAMANI

Nimefanya kazi ya ukedi, yaani kumbebea mchezaji fimbo zake, bara kabla ya kurudi nyumbani Zanzibar, na ninaomba kuwakumbusha wachezaji jambo moja ambalo makedi huliona sana. Mpira ukielekea majini, wachezaji wengi hugeuza uso au huanza kulalamika kabla haujaanguka. Wakati huo ndio wa kutazama kwa makini kuliko wakati mwengine wowote, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinategemea nukta ambayo mpira ulikatia ukingo. Chagua alama iliyo kwenye mstari huo, kama mti, jiwe au kigingi, na usiiache kwa macho mpaka utakapofika.

Tena mchezaji hana haki ya kudhani tu kwamba mpira umo majini. Kanuni inataka ijulikane, au iwe ni karibu yakini, kwamba mpira uliingia kwenye eneo la adhabu. Ikiwa ukingoni pana majani marefu ambamo mpira ungeweza kujificha, na hakuna aliyeuona ukianguka majini, utatafutwa kwa muda usiozidi dakika 3, ambazo zamani zilikuwa 5. Usipoonekana ni mpira uliopotea, na mchezaji anarudi kule alikopigia na mkwaju mmoja juu. Nimeona marafiki wakigombana kwa jambo hili. Atakayesaidia kuzuia ugomvi ni yule aliyekuwa anatazama.

Na mpira ukiwa ukingoni, nusu ndani ya maji na nusu nje, mchezaji asione aibu kuuacha. Nusu iliyo nje humdanganya. Maji yaliyo mbele ya uso wa fimbo huipunguza kasi ghafla, na mara nyingi mpira hausogei zaidi ya hatua chache.

MCHANGIAJI WA FUMBA

Maalim, nina masuala mawili yanayohusu huku kwetu. Kunguru wa Zanzibar mnawajua. Je, kunguru akiuchukua mpira wangu uliokwisha kutulia, akauangusha majini, nahesabiwa adhabu? La pili, wakati wa masika uwanja hujaa madimbwi ambayo hayana kigingi chochote. Nayo ni maeneo ya adhabu?

MWANZISHA UZI

La kunguru lina mfano maarufu. Mwaka 1998, kwenye shimo lile lile la 17 la Sawgrass, ndege wa baharini aliuchukua mpira wa mchezaji mmoja uliokuwa umetulia kwenye grini, akaruka nao na kuuangusha majini. Mchezaji huyo aliweka mpira mwengine pale pale wa kwanza ulipokuwa, bila adhabu. Hukumu ndiyo hiyo hata leo: ikijulikana, au ikiwa ni karibu yakini, kwamba mnyama au ndege ameusogeza mpira uliotulia, unarudishwa pahala pake bila kuongezewa mkwaju, na kama pahala penyewe hapajulikani kwa uhakika pakadiriwe. Lakini lazima kuwe na aliyeona. Kusema tu kwamba mahala hapa pana kunguru wengi hakutoshi.

Madimbwi ya mvua ni jambo jengine kabisa. Maji yanayokusanyika juu ya ardhi kwa muda, nje ya eneo la adhabu, huitwa maji ya muda, na mchezaji ambaye mpira wake au miguu yake imo humo anapata nafuu ya bure. Anatafuta pahala pa karibu zaidi pasipo na maji hayo na pasipo karibu zaidi na shimo, anapima urefu wa fimbo moja, na anadondosha. Unyevunyevu peke yake hautoshi. Maji yawe yanaonekana juu ya ardhi kabla au baada ya kusimama bila kukanyaga kwa nguvu. Bwawa likifurika na kupita vigingi vyake, maji yaliyo nje ya vigingi ni maji ya muda pia. Mchezaji wa visiwani asiyeijua kanuni hii hulipa mikwaju ambayo hadaiwi.

Kuhusu pwani, kwa kuwa baadhi yenu mtacheza kandokando ya bahari: ufukwe ukiwa ndani ya vigingi vyekundu, mchanga wake si banka. Mpira ukikaa vizuri juu ya mchanga, maji yakiwa yametoka, unaweza kuupiga kama ulivyo, na fimbo yako inaruhusiwa kugusa mchanga nyuma ya mpira. Wala asiwepo wa kudhani kwamba maji ya chumvi yatauelesha mpira. Kanuni zinataka mpira usizidi gramu 45.93 na kipenyo chake kisipungue milimita 42.67, na mpira wa kawaida unaotengenezwa karibu na vipimo hivyo ni mzito kuliko maji ya bahari. Huzama.

MCHANGIAJI WA WETE

Ahsante, nimefaidika sana. Ila kuna jambo linalonisumbua. Kwa nini wajenzi wa viwanja huchimba maji mengi kiasi hicho? Sisi huku maji ya kunywa tunayatoa chini ya ardhi, na mtu akitazama bwawa la mchezo hujiuliza.

MWANZISHA UZI

Swali lako ni la haki, na aliyezaliwa visiwani hawezi kulipita. Mabwawa mengi ya gofu hayachimbwi kwa ajili ya ugumu peke yake. Kwenye ardhi ya chini au ya kinamasi, udongo unaochimbwa hutumika kuinua njia za kuchezea zisifurike, na shimo linalobaki hukusanya mvua, ambayo baadaye humwagiliwa majani. Hata ile grini ya Sawgrass ilizaliwa hivyo. Mbunifu Pete Dye alikuwa akichimba mchanga wa eneo lile kwa matumizi ya mashimo mengine, chimbo likazidi kuwa kubwa, na mkewe Alice Dye, ambaye naye alikuwa mbunifu, akapendekeza lijazwe maji na grini iachwe katikati.

Kwetu, ambako chini ni jiwe la matumbawe na maji matamu yana mpaka, naamini kwa dhati kwamba kiwanja chochote kipya kinapaswa kuanza na suala la maji ya kumwagilia kabla ya suala la uzuri. Lipo jani la paspalamu la pwani linalostahimili chumvi kuliko majani mengi ya viwanjani, na linapandwa kwenye viwanja vya kandokando ya bahari katika nchi nyingi. Kulichagua hilo, na kuyakusanya maji ya masika badala ya kuchimba kisima kila pahala, ni wajibu wetu kwa jirani anayebeba ndoo.

MCHANGIAJI WA FUMBA

Swali la mwisho kutoka kwangu. Nimealikwa Emirates Golf Club, kiwanja cha Majlis, na naambiwa kwamba shimo la 18 ni la mikwaju mitano na lina bwawa mbele ya grini. Nikiwa na mpira mzuri baada ya mkwaju wa kwanza, nijaribu kuvuka kwa wa pili au nisimame kabla ya maji? Na duru ikiharibika je, nifanyeje na hendikapu yangu, ile namba inayoonesha kiwango cha mchezaji?

MWANZISHA UZI

Kwanza nakutakia safari njema. Ile Majlis, iliyofunguliwa mwaka 1988, ndiyo iliyokuwa ya kwanza Mashariki ya Kati kuwa na mashimo 18 ya majani, na shimo lake la 18 limeamua mashindano mengi ya wanaolipwa.

Kabla ya kujibu nikukumbushe Jean van de Velde, Mfaransa aliyefika shimo la mwisho la mashindano ya Open ya mwaka 1999 huko Carnoustie, Uskochi, akiwa mbele kwa mikwaju mitatu. Sita zingemtosha kutwaa ubingwa. Alitoa draiva, ile fimbo ya kupigia mbali zaidi, kisha akalenga grini kwa mkwaju wa pili, mpira ukagonga jukwaa la watazamaji na kurudi kwenye majani marefu. Wa tatu ukaingia kijito cha Barry Burn. Alivua viatu na kushuka mtoni akifikiria kuupiga, akaacha, akadondosha, akaingia banka, na akamaliza kwa saba. Paul Lawrie akashinda kwenye mchuano wa ziada. Van de Velde alikuwa na moyo mkubwa, na mkwaju wake wa saba aliuingiza kwa ujasiri wa kuheshimiwa. Lakini kwenye shimo lile hakuhitaji kuivuka Barry Burn kwa mkwaju wowote wenye hatari.

Kwa hiyo wewe jiulize mambo mawili tu. Je, umbali wa kuvuka uko ndani ya umbali wako wa hewani wa kawaida, ule ulioandika, na si wa pigo lako bora? Na je, mpira wako umekaa vizuri juu ya majani mafupi, miguu yako ikiwa sawa? Jibu la lolote kati ya hayo likiwa hapana, simama kabla ya maji.

Na kusimama nako kuna ufundi wake. Wengi husimama kwa nusu moyo: wanachukua fimbo inayowafikisha karibu kabisa na ukingo, kisha mpira unadunda mara moja zaidi ya walivyotarajia na kuzama, wakapoteza mkwaju katika pigo lililokusudiwa kuwa la usalama. Chagua fimbo ambayo hata ukiipiga vizuri kuliko ulivyowahi kuipiga, haifiki majini. Halafu usitafute kusogea karibu na grini kadiri inavyowezekana; tafuta umbali ambao weji yako, ile fimbo ya mapigo mafupi ya juu, unaiamini. Kama yadi 90 ndizo unazozipiga ukiwa umefumba macho, jiachie 90, usijiachie 45 zinazokulazimisha kupiga nusu pigo juu ya bwawa.

Kuhusu hendikapu, usiwe na hofu. Mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020 huweka kikomo cha mikwaju inayohesabiwa kwa kila shimo, kwa hiyo shimo moja lililozama haliharibu rekodi yako nzima. Na kama kundi lenu litakubali, chezeni kwa alama za Stableford: unapata alama 2 ukimaliza kwa idadi ya mikwaju uliyopangiwa, 1 ukizidisha mmoja, na sifuri ukizidisha miwili au zaidi. Ukishazidisha kiasi hicho unaokota mpira wako na kwenda kuanza shimo linalofuata, na wenzako hawakusubiri ukingoni mwa bwawa.

Chukua mipira ya kutosha. Na ile karatasi ya umbali wa hewani uiweke ndani ya mfuko wa suruali, si ndani ya mkoba wa fimbo, ili uwe nayo mkononi utakapokuwa unachagua fimbo.